Mkeka wa Baba Saada

Kila wakirudi kutoka hospitali, kabla hata hajavuliwa koti, Abdulhamid alikuwa na swali lake moja.

"Mama Saada, mkeka wangu upo?"

"Upo, Baba Saada. Uende wapi, una miguu?"

"Mimi ninayo, na mbona siendi?"

Hapo nyumba nzima ilikuwa ikicheka, maana nyumba ile ya Mjimwema haikuwahi kulala na watu chini ya tisa, na watu tisa wakicheka hata bati linaitikia.

Alhamisi ile ya mwezi wa sita swali liliulizwa kama kawaida. Bajaji ilikuwa bado inageuza nje, baridi imeshika kona zote za sebule, na Biasha alikuwa anamshusha mumewe taratibu kwenye kiti, mguu wenye kidonda ukitangulia. Lakini hakuna aliyecheka. Saada, binti yao mkubwa, aliinamia beseni la mchicha akawa anachambua majani aliyokwisha kuyachambua. Biasha aliona. Mtoto umemzaa mwenyewe, hahitaji kukwambia.

Aliingia chumbani, akapanda juu ya ndoo ya maji, akapapasa juu ya boriti. Mkono ulikuta vumbi. Ulikuta utando wa buibui. Kisha ukakuta kamba ya katani iliyokuwa imeufunga mkeka. Kamba tu.

"Upo?" sauti ilimfuata kutoka sebuleni.

"Upo," alijibu akiwa bado juu ya ndoo. Tangu mumewe aache kuona, huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza kwake.

Sasa, mkeka ule haukuwa mkeka wa kukalia. Abdulhamid alikuwa mchuuzi wa mikeka tangu ujana wao kule Nalasi, akiifunga nyuma ya baiskeli na kuizungusha minada yote ya Tunduru, na baadaye akaifuata biashara hadi Songea mjini. Alijua mikeka kama watu wengine wanavyojua watoto wa jirani. Alikuwa akipapasa mmoja akasema, "Huyu aliyesuka ana mimba, anapumzikapumzika," akapapasa mwingine, "Huyu ana njaa, mwisho kakimbiza." Wanawake walimcheka na kumwogopa. Sukari ilipoanza kumla macho, miaka mitano iliyopita, alimwambia mkewe, "Nisukie wa kwangu wa safari, niuone kabla giza halijafunga." Wao walizika hivyo: maiti akishalazwa na mbao zikishapangwa, mkeka wake hutandazwa juu ya mbao ndipo udongo ushuke. Biasha akasuka. Mistari mitatu, mwekundu, mweusi, mwekundu. Abdulhamid aliuangalia kwa wiki nzima, asubuhi na jioni, na baada ya hapo hakuona tena kitu chochote vizuri. Kwa hiyo alipouliza mkeka upo, alikuwa anauliza mambo mengi kwa pamoja.

*

Walikutania nyuma ya jiko, mama na binti, kuni zikitoa moshi wa kutosha kuficha uso wa kila mmoja.

"Uko wapi?"

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Uko wapi?"

Ilikuwa hivi. Kikundi chao cha wasukaji kilikuwa na oda ya mikeka ishirini ya Honorata, yule mama mwenye duka la vitu vya asili mjini, na kati ya hiyo ishirini, kumi na miwili ilikuwa ya nyumba hii. Gari lake lilikuja asubuhi, wazee wakiwa hospitali. Kukagua, mmoja ukakataliwa. Ulikuwa wa Mwanaheri, jirani, ambaye kuku wake alikuwa ameufanya kiota siku tatu bila mwenyewe kujua, na yai si kitu cha kufutika kwenye ukindu.

"Kasema ishirini au basi," Saada alisema. "Kumi na tisa hachukui, mteja wake hataki pungufu. Dereva keshawasha gari. Nimekupigia, simu imezimwa. Na ile chupa ya dawa ya baba, mama, unaijua mwenyewe ilipofikia."

"Ungeuza kitanda."

"Nani anunue kitanda kile?"

"Ungeniuza mimi!"

"Mama." Saada aliweka mwiko chini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, kaachika, ana watoto watatu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kuomba radhi kwa mambo ya lazima. "Nyie mnamtunzia baba mkeka wa kufa. Mimi nilitaka aishi. Nimeuza kifo chake nikanunua sindano zake. Kosa langu liko wapi? Nionyeshe."

Biasha alitafuta kosa. Alilitafuta kwenye moshi, kwenye sufuria, kwenye zile chupa mpya za dawa zilizopangwa ndani ya mtungi wenye mchanga na maji, mahali pa baridi, na hakuliona. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Mtu akikukosea waziwazi unajua pa kumshika. Huyu alikuwa amemkosea kwa haki.

*

Kesho yake alivaa kanga yake nzuri akashuka mjini.

Duka la Honorata lilinukia sabuni na ngozi. Mwenyewe alimpokea kwa mikono miwili, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuja Songea akimfuata mume mtumishi, akaanza na vikapu vitatu, leo ana mafundi wanne.

"Mama yangu mwenyewe! Shikamoo. Karibu, keti, wakuletee chai."

"Marahaba, mwanangu. Chai nitakunywa. Nimefuata mkeka. Jana umechukuliwa mmoja usiouzwa, binti kakosea. Wenye mistari mitatu. Nitakusukia mwingine, nitakusukia miwili."

Honorata alimwangalia, akaangalia mlango wa nyuma, akamwangalia tena.

"Pole jamani," alisema kwa sauti ndogo. "Ile hatuuzi mizima, mama. Hamkuambiwa?"

Kule nyuma cherehani zilikuwa zinakimbia. Fundi Sixbert, kijana mpole mwenye futi ya kupimia shingoni, alisimama alipomwona mtu mzima. Juu ya meza yake pochi sita zilikuwa zimepangwa, zenye mikanda ya ngozi na vifungo vya shaba. Kwenye kila pochi: mstari mwekundu, mweusi, mwekundu.

"Shikamoo mama."

Biasha alikuwa ameshika pochi moja, anaigeuza, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga bila kujua ni wa nani.

"Mkeka ule, mama," Sixbert alisema, akidhani anasifu, "ulikuwa laini mpaka mkasi ulisita. Nikajiuliza, huyu aliusuka akiwa na raha gani."

"Chukua moja, mama," Honorata aliingilia. "Bure kabisa. Dar hii inakwenda laki na themanini, lakini wewe chukua, kama pole."

"Niende nayo wapi? Nimzike nayo?"

Hakuna aliyeelewa, na yeye hakueleza. Aliomba vipande vilivyobaki. Sixbert alipiga magoti akaviokota chini ya meza kimoja kimoja, akavikung'uta nyuzi, akavitia kwenye mfuko mbadala. Vikubwa vyote vilikuwa sawa na kiganja.

Alipokuwa anatoka Honorata alikumbuka kitu akamkimbilia, uso umerudi kung'aa. "Halafu mama, lile neno lako! Lile la nia. Wateja wamelipenda hilo, hujui." Akamwekea mkononi kikadi kigumu chenye tundu la uzi. Kilikuwa na picha ya mikono, na Biasha akaitambua ile pete yake ya shaba kabla hajaitambua mikono yenyewe. Chini yake pameandikwa: *Umesukwa kwa mkono, kwa nia njema na moyo mweupe.*

*

Neno lenyewe la nia alikuwa amelisema kwa mdomo wake, siku Honorata alipokuja mara ya kwanza kuweka oda. Alimweleza kuwa kwao mkeka hauanzwi mpaka utajwe mwenyewe. Unashika chane nne za kwanza za ukindu uliochanwa, unapiga bismillahi, unasema: mkeka huu ni wa fulani, wa harusi, au wa swala, au wa mgeni, au wa kuzikia, na nauanza nikiwa radhi na kila aliyemo ndani ya nyumba hii. Ukigombana na mtu katikati ya kazi, unaweka chini ukili, ule utepe unaousuka, mpaka moyo upoe, hata wiki. Honorata alicheka. "Sasa oda yangu utaitaja nani, mama? Sema 'mteja.'" Biasha hakusema mteja. Mikeka kumi na miwili aliyosimamia, kila mmoja aliuanza hivi: "Huu ni wa mtu nisiyemjua, Mungu amfanyie wepesi."

Sasa alikaa barazani na fungu la ukindu mpya aliouchemsha mwenyewe rangi, akashika chane nne. "Bismillahi. Mkeka huu ni wa Abdulhamid bin Daimu, wa kuzikia, na nauanza nikiwa radhi na kila..."

Ndani Saada alikuwa anamfokea mwanawe kwa sababu ya daftari. Sauti yake tu ilitosha. Chane zilimponyoka Biasha.

Siku ya pili alifika shibiri tatu akafumua. Ya tatu, pima moja, akafumua. Mwanaheri, ambaye kwa aibu ya kuku wake alikuwa haondoki nyumba ile tangu balaa litokee, alikaa pembeni akimenya karanga na kutoa ushauri ambao hakuombwa.

"Shoga, mtoto akikunyea kiganjani, kiganja hukikati."

"Sijakikata. Lakini kinanuka."

"Basi msamehe."

"Nimeshamsamehe."

"Lini?"

"Jana. Juzi pia. Nikimaliza tu kumsamehe, namwona anapita na ndoo, naanza upya."

Na Saada naye alikuwa amejaribu. Alileta chai ya tangawizi, akaiweka chini, akapiga magoti kama bibi harusi. "Mama, nakuomba unisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu."

"Basi nikuchanie ukindu."

"Usiguse!"

Kauli ilimtoka kabla hajaishika. Saada aliinuka akaondoka, chai ikapoa pale pale mpaka jioni, ikanywewa na watoto.

Kule ndani kidonda hakikungoja watu wapatane. Daktari alikuwa amesema mguu ukatwe juu ya goti, na ukatwe upesi, na Abdulhamid alikuwa amesema alikuja duniani na miwili. Sindano alichomwa, zile zile za mkeka, na zilifanya kazi yake kwenye sukari, lakini weusi wa vidole ulikuwa umeshapanda kwenye kifundo. Bakili, muuza mitumba, mtoto wa kaka yake Abdulhamid, alikuja akasimama mlangoni, akavuta harufu, akatoka nje kusema na simu.

"Mama Saada," Abdulhamid aliita, "niletee nipapase."

Alikuwa hajawahi kuomba hivyo. Biasha aliingia chumbani, akachagua kipande kikubwa kwenye ule mfuko, akaficha ukingo uliokatwa ndani ya kiganja chake, akampitishia mumewe vidole juu yake taratibu, kana kwamba mkeka mzima umekunjwa hapo.

"Ndio huu," alisema mzee, akatabasamu. "Mstari mweusi uko wapi? Hapa?"

"Hapo hapo."

Haukuwa hapo. Kipande kile hakikuwa na mstari mweusi.

Kuanzia siku ile Biasha hakufumua tena. Alisuka. Alisuka asubuhi, akasuka mchana, akasuka huku amegeuzia mlango mgongo ili asione nani anapita na ndoo. Yale maneno ya mwanzo aliyasema yote mpaka mwisho, kwa sauti, mtu mzima akitamka jambo analojua si kweli, na mkono ukashika kazi. Siku kumi ukili ukatimia. Siku mbili akaushona kwa shazia, ile sindano ndefu ya mikeka, mzunguko kwa mzunguko. Mistari mitatu, mwekundu, mweusi, mwekundu. Mwanaheri aliuinua kwenye mwanga akasema, "Shoga, ni ule ule. Wallahi ni ule ule."

*

Walimtandikia kitandani mchana wa Jumatatu, wakampandisha vidole juu yake. Saada alibaki mlangoni.

Abdulhamid alipapasa ukingo. Akapapasa katikati. Akarudi ukingoni. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha, mifupa mitupu, lakini vilikwenda na kurudi kwa adabu ile ile ya mnadani.

"Huu nani kasuka?"

"Mimi, Baba Saada. Nani mwingine?"

"Wewe yupi?"

Biasha aliunyoosha ukingo uliokwisha kunyooka.

"Umekazwa," alisema mzee. "Kila mpishano umenyongwa. Ukiukunja huu utalia. Mama Saada, miaka arobaini nauza mikono yako, sijakutana na huu mkono. Una ugomvi na nani?"

Ndani ya chumba kulikuwa na watu watano, Bakili na Mwanaheri wakiwemo.

"Baba," Saada alisema kutoka mlangoni, "wako wa zamani niliuuza mimi. Kununua dawa."

Mzee aligeuzia uso sauti ilikotoka. Walimwona anapokea lile jambo, analipima uzito, kama alivyokuwa akipima kila kitu.

"Uliuuza bei gani?"

"Elfu thelathini."

"Umepunjwa," alisema.

Bakili alicheka bila kutaka, akaziba mdomo. Hata mzee alitaka kucheka, ila kifua kilimkatalia. Alipotulia aliusukuma ule mkeka mpya kwa kiganja, polepole, mpaka ukaanguka chini.

"Huu msiniwekee. Sitaki kufika kule nimefunikwa na ugomvi wa nyumba yangu."

"Nitakusukia mwingine," Biasha alisema. "Nitauanza leo."

"Suka," alisema Abdulhamid kwa upole, kama anayemruhusu mtoto kwenda kucheza.

Ijumaa, kabla watu hawajatoka msikitini, mzee alikuwa amekata roho. Ukili mpya ulikuwa na pima mbili, mgumu kama kamba ya kufungia ng'ombe.

*

Walimzika kwa mkeka wa plastiki wa Mwanaheri, wa bluu, wenye picha za tausi. Ndio uliokuwa karibu, na wazee wawili walitazama tausi wale wakainamisha macho. Kabla jeneza halijatoka, Biasha alimvuta Bakili pembeni akamkabidhi kipande kimoja, kile kikubwa.

"Juu ya mbao, upande wa kifua. Kabla ya udongo. Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, mama mdogo."

Wanaume waliporudi, Bakili alinawa mikono kwenye ndoo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu kutafuta leso, kikatoka kipande. Alikiangalia kwa muda. Kisha akamwangalia Biasha, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi katikati ya wanawake, na Biasha alikuwa anamwangalia.

"Mama mdogo, watu walikuwa wengi... jembe nikashika mimi..."

"Kiweke hapo dirishani," alisema Biasha. "Kaleni kwanza, ubwabwa unapoa."

*

Honorata alikuja siku ya tatu na sukari kilo tano na kitenge. Alilia kweli, machozi hayakuwa ya kuazima. Alikaa na waombolezaji, akala, akauliza marehemu alianza kuumwa lini, na wakati wa kuaga macho yake yakapanda ukutani, kwenye ule mkeka alioukataa mzee, uliokuwa umesimamishwa umekunjwa nyuma ya kabati, mahali pa kitu kisicho na mahali.

"Mama, na ule?"

Saada aliuleta kwa sababu Biasha hakumzuia. Honorata aliutandaza barazani, akapiga magoti, akapitisha ukucha kwenye mpishano na ukucha haukuingia. Akaita dereva aje aone.

"Ona! Huu ndio ubora ninaousemea kila siku. Ona ulivyokaza, hata maji hayapiti. Mama, mbona mlikuwa mnanificha? Huu siukati, huu nauza mzima." Akashusha sauti kwa heshima ya msiba. "Nakupa elfu arobaini. Na nina oda ya thelathini ya namna hii hii. Hivi hivi, mkono huu huu. Mkimaliza arobaini ya marehemu ndio muanze, sina haraka."

Alikuwa na haraka. Wiki haikuisha dereva akaleta marobota ya ukindu. Kikadi chenye picha ya mikono alikifunga mwenyewe kwenye mkeka wa Abdulhamid pale pale barazani, uzi ukakataa kupita kati ya kili jinsi zilivyobana, ikabidi Biasha amsaidie kwa shazia.

Jumatano Biasha alitoka nje na fungu lake. Kibaridi kilikuwa kinakata. Saada alitoka naye, akakaa mkono mmoja kutoka kwake, si karibu, si mbali, akashika chane nne na kungoja, kama alivyofundishwa tangu ana miaka saba kwamba mdogo haanzi kabla mkubwa hajataja.

Alingoja. Mama yake alikuwa ameshapishanisha mara ya kwanza, na ya pili.

"Mama," Saada alisema, "hujataja. Huu ni wa nani?"

Biasha alivuta chane mpaka ikalia.

"Wa oda," alisema. "Suka."